Mashimo Kumi na Manne ya Vikombe

Jumatatu, 17 Septemba 2007

Daftari langu, salamu katika jina la Bwana. Umeamkaje? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto.

Mzee Ishwarlal, mwenye yadi ya magari ninayofanyia kazi hapa Nakuru, amesema ile van ya bluu imekaa miezi minane mpaka kuku wa jirani wanataga chini yake. Isipouzwa kufikia Jumamosi, natolewa mezani napewa ndoo na kitambaa, niwe wa kuosha magari. Mimi! Mzee wa kanisa! Mwenye tai tatu!

Ng'ambo ya barabara, Thuo wa yadi ile nyingine ameuza van mbili kwa wiki moja. Thuo huyu tunaimba naye besi. Anaimba vibaya.

Jumanne, 18 Septemba

Mungu hamtupi mja wake. Saa nne nimenunua mandazi kwa Wangu, mama mwenye kibanda, akanifungia kwa ukurasa wa gazeti la Amerika. Nikasoma nikitafuna. Limeandika kwa nini Wamarekani hugombania van hii na ile huipita tu. Sababu ya kwanza: mahali pa kuweka vikombe. Pengi! Kushinda abiria! Sababu ya pili imelowa mafuta, haisomeki. Si neno. Mwenye ya kwanza anatafuta ya pili ya nini?

Na Ijumaa anakuja Mama Debra, Mmarekani wa makao ya watoto kule Bahati. Anatafuta van. Unauona mkono wa Bwana?

Jumatano, 19 Septemba

Nimeshinda Elburgon kwa Mburu, fundi wa mbao, binamu ya mke wangu. Nikamwambia nataka ubao mrefu wa cypress, mashimo kumi na manne. Akauliza kama ni wa kuku. Nikamwambia ni wa Wamarekani. Akauliza kama nao wanataga.

Mashimo tumepima kwa kikombe changu cha bati. La mwisho ni kubwa, la thermos, maana sijaona familia ya maana ikisafiri bila thermos.

Alhamisi, 20 Septemba

Ubao umeingia! Umepigwa vanishi! Unatoka mgongoni kwa dereva mpaka kiti cha mwisho, upande wa mlango. Nimekaa ndani nusu saa nikiuangalia tu.

Wangare, mke wangu, ameleta chakula cha mchana akauliza watu watapitia wapi. Nikamwambia mama, hii ni biashara ya kimataifa. Akasema sawa Baba Abby, lakini mlango. Nimemsamehe.

Thuo naye amekuja kuchungulia. Amecheka mpaka akashika nguzo. Ati boss, hii ni van ama kabati? Wivu. Nimemwombea. Niliomba apate pancha moja kesho asubuhi, ndogo tu.

Ijumaa, 21 Septemba

Hakupata pancha.

Mama Debra amefika, mtoto amelala begani, mkono wa pili kikapu. Nikamwambia karibu mama, hesabu mwenyewe. Amehesabu mashimo yote! Akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba hajawahi kuona kitu kama hiki. Moyo ulipaa, daftari.

Kisha akauliza watoto wanaingilia wapi. Kweli, mlango ukiwa wazi ubao umekatiza kama kaunta ya duka. Nikamwambia wanaruka, watoto wanapenda kuruka. Nikaruka mwenyewe kumwonyesha. Tai ikanasa kwenye shimo la thermos. Ilibidi aweke kikapu chini anitoe. Mtoto akaamka, akapiga makofi.

Akavuka barabara. Kwa Thuo alisukuma mlango wa van kwa mkono mmoja, mtoto akiwa begani bado. Thuo akanipungia mkono kama askofu.

Jumamosi, 22 Septemba

Mama Debra amerudi! Ndani ya van ya Thuo, lakini amerudi. Anataka ubao. Kule makao uji unamwagika mezani kila siku, na mashimo haya yatashika vikombe vya watoto sawasawa. Nikaung'oa mbele yake. Akalipa papo hapo.

Mzee Ishwarlal amenikabidhi ndoo. Nikamwambia Mmarekani wa kwanza kuingia yadi hii ametoka na bidhaa. Akasema ni ubao. Nikasema ni mwanzo.

Jumapili, 23 Septemba

Baada ya ibada nimeinua ule ukurasa kwenye jua. Mafuta yamekauka. Sababu ya pili: mlango mpana, unaofunguka kwa mkono mmoja, mama akiwa amebeba mtoto. Nimeisoma mara mbili. Nzuri. Lakini ni ya pili! Kama si muhimu, vikombe wangevitanguliza ya nini?

Wangare anasema ndoo ni aibu. Haoni. Kuanzia kesho nitaingia ndani ya kila gari pale yadi, rula mfukoni, na hakuna wa kuniuliza natafuta nini.

Nimetuma SMS Elburgon kabla chai haijapoa: "Mburu, salamu. Wamarekani wamependa. Tengeneza mbao sita, mashimo ishirini kila mmoja, thermos mbili. Tafadhali nijibu haraka."