Wema Wenye Bango

Jumatatu, 14 Julai
Kampuni ya unga imeleta mapipa mawili ya taka sokoni. Mawili! Kwa ngoma, fulana na kupiga picha. Kufika mchana kila mtu anaulizia unga wao. Na mimi niliyeamka alfajiri kukoroga uji wa kuuza, mwanangu Sosthenes mgongoni analia meno yanaota, nani kanipiga picha? Basi nimeelewa. Wema unalipa. Mwalimu Edmund anatafuta mpishi wa uji wa chekechea, na kasema kamati inataka mtu anayejali jamii. Bertha wa kibanda cha jirani naye anaitaka kazi hiyo. Atanitambua!

Jumatano, 16 Julai
Bahati! (Mungu anisamehe.) Bibi Alinanuswe wa mtaani kwetu kafiwa na mumewe. Nimepeleka msibani sufuria zima la uji wa ulezi, bure, limezungushiwa bango la kitambaa: UJI WA MAMA SOSTHENES, TUNAJALI. Jirani yangu Juliana akaniuliza mbele za watu nimekuja kuzika au kufanya kampeni. Bango likaishia kuipulia masufuria. Bertha kaja na mzigo wa kuni kichwani, hana hata bango, akalia kuliko wafiwa. Sasa wote Bertha, Bertha. Mnafiki!

Alhamisi, 17 Julai
Mpango mpya: wema wa siri. Nimemnong'oneza Juliana kwamba naenda kuosha vyombo vyote vya msiba, asimwambie mtu. Mdomo wa Juliana hufika Tunduma kabla ya basi. Maji baridi mpaka mifupani! Mtoto analia. Bibi Alinanuswe akasema nimpe yeye. Akamwimbia Kinyakyusa, polepole, mtoto akalala. Akaniambia "Ndaga, mwanangu." Mfiwa ananishukuru mimi! Nikasahau kabisa kuangalia nani ananiona. Kumbe Mwalimu Edmund kaja kutoa pole, kanikuta na masizi mpaka puani.

Jumamosi, 19 Julai
KAZI YANGU! Kamati nzima imekubali. Nimecheza jikoni na Sosthenes mpaka kacheka. Jioni Bertha kaleta debe la viazi, eti hongera dada, mtoto ale. Nikamuuliza nimtangaze wapi. Akasema nisimtaje popote. Kambeba mtoto kidogo, kaenda zake. Mjanja yule! Nimewaza mpaka kichwa kinauma, sijajua anatafuta nini. Ila hanishindi. Kesho nampelekea jogoo mlangoni pa kanisa, ibada ikitoka. Juliana nimemwambia aje na simu yenye chaji.