Kihispania cha Nchi Kavu na cha Mtumbwini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Itangazwe Rumonge nzima hadi Gatete: kuanzia leo mimi ni profesa wa Kihispania! Jumapili parokia yetu inapokea Sista kutoka Hispania. Padri kasema anayejua lugha yake ndiye atamkaribisha, kisha atakaa naye meza kuu, penye samaki mnono, mukeke wa kuchoma. Wengine ndagala, visamaki vya kidole. Nina kitabu cha Kihispania kwa wanaojua Kiingereza, na Kiingereza tulikisoma kambi ya wakimbizi Tanzania. Kurasa za majibu hazimo, zilifungiwa karanga. Si neno. Darasa limejaa! Pigo: jirani yangu naye kafungua la kwake. Zabroni! Yule!

Jumatano, 11 Juni
Agata muuza mawese kauliza kwa nini Wahispania wana "kuwa" mbili, ser na estar, wakati Kiingereza kina moja na inatosha. Nikasema swali zuri, tutalijibu kesho. Jioni nikamtuma mke wangu, Yudita, akaulize hilohilo kwa Zabroni. Karudi: Zabroni kasema swali zuri, kesho. Muoga!

Alhamisi, 12 Juni
Nimemnyang'anya Zabroni mwanafunzi! Joanita, shemeji yake kabisa. Binti wa bidii: kaingia tu, kauliza ser na estar. Sikuweza kumwangusha. Nikajibu kwa sauti: nchi kavu ni ser, ndani ya mtumbwi ni estar. Makofi.

Ijumaa, 13 Juni
Yudita karudi mbio. Zabroni katoa jibu! Nchi kavu ser, mtumbwini estar. Kumbe nilikuwa sahihi! Yudita kanitazama: "Baba Eliana, hiyo si iko ile yako ya jana?" Nikamwambia ukweli ni mmoja, hata Zabroni anaweza kuufikia.

Jumapili, 15 Juni
Hotuba ya kihistoria! Haya, niseme kweli. Tulisimama wote wawili, Zabroni na koti lake la harusi. Sista akatabasamu, akatuuliza jambo. Ndani yake nikasikia "están", yaani estar. Nikageuka kutafuta mtumbwi. Hakuna. Nikasema, kwa Kiswahili, swali zuri, tutalijibu kesho. Zabroni akaitikia: kesho! Wanafunzi wetu wakashangilia. Padri akacheka hadi akashika ukuta: Sista alikuwa anatuuliza hali tu. Padri mwenyewe akatukalisha meza kuu, huku mimi, kule Zabroni. Mukeke tukagawana: mimi kichwa, yeye mkia.

Sista bado yupo hadi Jumanne. Nimemtuma Yudita kwa Zabroni akasikilize salamu ile inajibiwaje. Njiani kapishana na Joanita, anakuja huku.