Kanda Yetu Imesafishwa Mno

Usagara,
14 Agosti 1995

Ndugu Mwenyekiti Getruda,
Kamati ya Wanachuo wa Zamani,
Nyamagana, Mwanza.

YAH: KUOMBA KANDA YETU ICHAFULIWE UPYA

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa heshima hizo hazimhusu fundi wako Muharami.

Mimi ni Antoni Shimba, mwimbaji wa sauti ya nne katika bendi yetu ya chuo cha ualimu, iliyorekodiwa bwaloni mwaka 1973. Mwezi uliopita uliichukua ile kanda iliyochakaa, ukampelekea Muharami aitengeneze. Jumamosi nimeletewa nakala kwenye kaseti. Nilisikiliza upande wa kwanza, nikazima redio, nikachukua kalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkwaruzo wetu umeibiwa. Miaka yote kanda ilikuwa ikilia kama dagaa wanaokaangwa, na ndani ya mlio huo tulikuwa bendi kubwa. Sasa ni kimya kitupu, na ndani yake wanasikika vijana wenye njaa na gitaa moja.

2. Sauti yangu inasikika. Zamani wageni walidhani ni tarumbeta, nami sikuona haja ya kuwasahihisha. Juzi mke wangu Sabina ameniuliza, "Baba Malimi, huyo ng'ombe aliingiaje bwaloni?" Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti!

3. Muharami ameongeza ngoma za kinanda cha umeme. Nilipomfuata dukani kwake alinijibu bila kuinuka, "Mzee, siku hizi ni soko huria, wateja wanataka mdundo." Mwaka juzi bwana huyu alikuwa akiuza makoti ya mitumba, leo kibao cha mlangoni kinamwita Mkurugenzi. Najua Serikali imeruhusu kila mtu auze. Sikujua imeruhusu kila mtu atusahihishe. Kesho atatia mdundo kwenye misa, keshokutwa atalipaka rangi Jiwe la Bismarck kwa kuwa limekaa kizamani, na hatimaye atalikausha ziwa ili mawimbi yasimsumbue akirekodi.

4. Hili siliandiki kwa mzaha. Marehemu Josephat, mpiga gitaa wetu, hakuwahi kuimba. Sauti yake pekee iliyobaki duniani ilikuwa pale mwanzoni, akigonga gitaa kwa kidole na kusema, "Haya jamani, taratibu." Muharami ameikata. Eti yale yalikuwa maneno tu, si muziki. Kila mwaka, siku tuliyomzika, nilikuwa nayasikiliza maneno hayo, kisha nazima. Wimbo wenyewe sikuuhitaji.

Kwa hiyo naiomba Kamati izikusanye kaseti zote, izichome moto, na imwamuru Muharami aurudishe uchafu wote kama alivyoukuta. Akidai hajui kuchafua kitu, akumbushwe yale makoti aliyotuuzia.

Wasalimie wanakamati wote, watoto, na majirani zako wa hapo Nyamagana. Muharami msalimie pia, lakini kwa ufupi.

Ni mimi niliyesafishwa bila ridhaa,

Antoni Shimba
Sauti ya Nne

N.B. Nilikwisha kuifunga barua hii kwa gundi alipofika Queen, binti wa Josephat, kutoka Nyegezi. Alitaka kusikia kaseti, nami sikuwa na namna ya kumkatalia. Kwa kutojua akaweka upande wa pili, ambao mimi kwa hasira sikuugusa. Kumbe Muharami ameyapanga huko maneno yote aliyoyakata, yamesafishwa. Josephat anacheka. Josephat anakohoa. Kisha anasema jambo ambalo ule mkwaruzo haukuturuhusu kulisikia hata mara moja: "Tumalizeni upesi, nina mtoto mchanga nyumbani, nataka nikamshike."

Mtoto huyo ni Queen. Baba yake alifariki kabla binti hajaanza kutembea, na sauti yake hakuwahi kuijua. Aliirudisha nyuma, akasikiliza tena, akaitoa kaseti redioni, akaondoka nayo bila kuniomba. Sikumzuia.

Kaseti zisichomwe hata moja. Na mimi niletewe nyingine.