Kioo Kilichomwita Mama Mkwe Kizuizi

Free Area, Nakuru.

Kwa mafundi mnaoandika kwenye kioo cha mbele cha gari lisilo na dereva,

KUH: KIOO CHENU KUMKOSEA HESHIMA MAMA YA WATU

Nawasalimu kwa adabu, na adabu hasa ndiyo imenifanya niandike. Mimi ni mama wa Quincy, mtoto anayeota meno na asiyetaka kulala. Tangu mlete mtaani kwetu gari lenu la majaribio, hulipanda kwenda kliniki. Linajiendesha vizuri, sina neno. Halitukani mtu wala halisimami kununua njugu. Shida yangu ni kioo.

1. Kinaniandikia vitu ninavyoviona. Ng'ombe akivuka, kinamchorea duara la manjano na kuandika NG'OMBE. Jamani, mimi nimezaliwa Mau Narok, kwenye ng'ombe na viazi. Naelewa mnataka abiria ajue gari limeona, asiogope. Lakini ng'ombe mniachie mwenyewe.

2. Kinaniambia nitulie. Kila breki ikishika, naandikiwa TULIA ABIRIA. Hata mume wangu Dalmas hathubutu. Alijaribu wiki ile Quincy alizaliwa, na siku hizi anafua nepi vizuri sana.

3. Sasa hili ndilo lenyewe. Alhamisi tulikuwa tunatoka kliniki, Quincy amelala hatimaye. Mbele yetu akawa anatembea mama yake Dalmas, Mama Nasimiyu, mkungu wa ndizi kichwani, anakuja kwangu kunishikia mtoto ili nami nifumbe macho kidogo. Hufanya hivyo kila siku, na ndiyo sababu bado nina akili za kuandika barua. Kioo kikamzungushia duara jekundu, kikaandika: KIZUIZI. KINASONGA POLEPOLE. Halafu gari likampita, mimi nimeketi ndani kama bibi arusi.

Nilikoolewa, mama mkwe hapitwi. Unashuka, unapokea mzigo, unasalimu kwa mikono miwili, unaulizia kuku wake wote. Nilibonyeza SIMAMA. Kioo kikajibu: KIZUIZI KIMEPITWA SALAMA. Dirisha la upande wake lilikuwa wazi, na gari linakwenda polepole. Mama aliinama aone ni nani huyo ndani, akayasoma yote, akageuka na ndizi zake akarudi kwake. Dalmas alipompigia simu aliambiwa, "Mwambie bibi yako kizuizi kimekaa kwake, kisije kikamzuia." Tangu siku hiyo hajakuja, na mimi sijalala.

4. Kwa hivyo naomba kioo kiombe msamaha. Gari liende mpaka mlangoni kwa Mama, liandike kwa herufi kubwa upande wa nje: MAMA, TUMEKOSA. Mkichora na kuku itapendeza. Mkileta kuku mwenyewe itapendeza zaidi. Aketi kiti cha mbele, afungwe mkanda.

5. Baada ya hapo kioo kifundishwe watu. Mzee Waithaka wa duka akionekana, kisiandike MTU, kiandike MZEE WAITHAKA, na gari lisimame amalize kuuliza habari za nyumbani. Vivyo hivyo kwa kila mtu hadi mjini. Mtasema halitafika. Lina haraka ya nini, na hakuna dereva wa kuchoka?

6. Kama hayo yamewashinda, toeni kioo chote. Nimelifikiria jambo hili sana nikinyonyesha. Gari lenyewe linaona kwa yale macho yaliyo juu ya paa. Dereva hakuna. Sasa kioo cha mbele ni cha nani? Jengeni ukuta hapo, mtundike kitambaa cha kufuma kama cha sebuleni. Nitawafumia mimi mwenyewe, chenye maua, mkinipatia mtu wa kushika mtoto.

Msiponisikiliza nitaketi katikati ya barabara na Quincy, muandike mnachotaka.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, majirani na wazee wa kanisa, na hasa mama wakwe zenu. Mkikutana nao njiani, mshuke.

Ni mimi, niliyechoka lakini sijakosa adabu,
Linah Jeruto (Mama Quincy)

N.B. Msifanye lolote kati ya hayo. Kabla sijaituma barua hii Mama alikuja, si kwangu, alikuja kuligombeza gari. Alinipokonya Quincy, akaingia ndani akisute kioo ana kwa ana, na gari likaondoka naye. Nikabaki getini nimejifunika shuka langu la kijivu, nimeegemea ukuta, macho yanajifunga. Liliporudi Mama alikuwa anatoa machozi kwa kicheko. Kioo kilikuwa kimenizungushia duara na kuandika: GUNIA LA VIAZI. Amepiga picha, ametuma kwenye grupu ya familia, na anasema gari limejua kwetu ni Mau Narok. Tumesameheana. Sasa kila asubuhi anazunguka mtaa na Quincy, aone majirani wameitwa nani. Mzee Waithaka ni PIPA. Mtoto analala humo kama maji mtungini. Kwa hivyo nawasihi, hicho kioo msikiguse hata herufi moja. Jana nimelala hadi saa saba mchana.