Ubongo Wangu Unapiga Kazi Nikiwa Kwenye Kochi

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto kachoka. Kasema wiki ijayo naanza kazi kwa kaka yake, fundi seremala. Mimi! Kubeba mbao! Nikamwambia nikijinyoosha kwenye kochi huwa natafakari biashara. Akauliza, miaka minne bado inatafakariwa tu? Nilishalala.

Jumanne, 4 Machi
Mungu mkubwa! Chuo kikuu wanatafuta watu wa kulazwa ndani ya mashine, wapigwe picha ubongo ukiwa umepumzika. Nimejiandikisha mbio. Daktari, mama mmoja mpole, kanieleza: ubongo una nusu mbili, kulia na kushoto, na katikati kuna daraja la nyuzi. Hata ukijikalia tu huna unachofanya, shughuli za nusu zote zinapanda na kushuka pamoja, na daraja hilo ndilo linaloziunganisha. Yaani zinapiga kazi! Nikaomba aniandikie hayo, na muhuri juu. Kasema kwanza picha.
Nimemtangazia mama watoto: picha ikitoka safi, useremala basi. Kakubali. Ila kamsukuma na kaka yake ajiandikishe. Roho mbaya tu.

Alhamisi, 6 Machi
Masharti: macho wazi, usilale, usitingishike. Mashine inagonga hiyo! Nikaona nusu zangu zisizembee, nizisaidie. Nikatikisa kichwa kulia kidogo, kushoto kidogo, zisalimiane. Daktari akaniambia kwenye spika, baba, tulia. Nikatulia. Nikakoroma.
Picha za mwanzo ukungu mtupu. Za mwisho za mtu aliyelala fofofo, na wao wanataka aliye macho. Nimeondolewa! Shemeji akaingia, kimya kama gogo, dakika kumi. Daktari kamsifia: pande zake zinakwenda sawa kama askari kwenye gwaride. Shemeji kaniuliza kama gwaride langu limevunjika mguu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini. Kasema, mume wangu, hata kupumzika umefeli!

Jumatatu, 10 Machi
Karakana. Shemeji kasema nishike ubao usicheze, aupasue kwa ajili ya mlango wa mteja. Nikashika kwa mkono mmoja, mwingine nikaupumzisha, si daraja lipo? Mlango umetoka umepinda. Shemeji anafoka, sayansi haielewi.
Lakini nimepata wazo! Nafungua darasa la kufundisha watu kupumzika. Nimeomba likizo nikalipange. Kazini nina saa mbili tu tangu nianze.