Gego Langu Kwa Ajili ya Shule ya Afya

Jumatatu, 3 Machi
Shule yetu ni ya afya. Ndivyo kibao cha getini kinavyosema. Ndani, afya yenyewe ni bango moja la mapafu, tena limechanika! Leo mwalimu mkuu katutaka walimu, kila mmoja alete mtaalamu kutoka mtaani. Atakayemsainisha wake aje mwaka mzima ndiye atakuwa mratibu wa ushirikiano. Miaka yote hii sijapewa cheo hata cha kugonga kengele. Safari hii hakiniponyoki.

Jumanne, 4 Machi
Kikokotoo, mwalimu wa hesabu, kaleta dereva wa gari la wagonjwa. King'ora kikalia, watoto wakapagawa. Nikasema mbele ya wote kwamba hiyo ni elimu ya kelele. Akanijibu kwamba kelele zake angalau zina magurudumu, kaka. Walimu wakacheka hadi chai ikawapalia. Wasaliti!

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Shemeji yangu, daktari wa meno, atakuja Ijumaa. Mke wangu kauliza, na lile gego lako je, baba watoto, linalokufanya utafune upande mmoja kama mbuzi? Nikamwambia tunajadili elimu, si kinywa changu.

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi umejaa. Shemeji akaomba mtu wa kujitolea. Mikono yote chini. Mkutano wangu unakufa! Nikajitosa mwenyewe. Akamulika tochi, akawaita watoto wapange foleni wachungulie. Msichana mmoja akaniambia pole mwalimu, kumeoza kote. Shemeji akasema jino halilali humo leo. Nikapelekwa kliniki. Na gari la nani? La wagonjwa! King'ora juu!

Jumatatu, 10 Machi
Daktari na dereva wamekubali kuja mwaka mzima. Aliyewasainisha, mimi nikiwa na pamba mdomoni, ni Kikokotoo. Ndiye mratibu! Jioni kaniletea uji. Kasema watoto waliokuwa wakimkimbia daktari sasa wanaomba kupimwa, kwa sababu mimi sikulia. Nusura nilie hapo hapo. Uji mtamu, mshenzi yule.

Jumanne, 11 Machi
Nimeelewa kosa langu: hotuba yangu ya shukrani ilipaswa kuitangulia tochi ya shemeji. Na cheo cha naibu mratibu bado kiko wazi! Nimempata mtaalamu wa sumu za nyoka. Anakuja Ijumaa na nyoka wake wawili. Anahitaji tu mtu mmoja wa kujitolea. Nimemhakikishia hilo halina shida. Ukumbi wetu hujaa.