Ndugu Wanne wa Jiko Moja

Jumapili, 14 Septemba

Daftari hili limeanza leo kwa sababu leo nimekuwa kiongozi. Viongozi huandika. Jina langu Valentin, miaka kumi na sita, mkazi wa Bellevue, mzaliwa wa Bujumbura ingawa Bujumbura siikumbuki. Shule niliiacha darasa la saba. Mwalimu mkuu alisema shule ndiyo iliyoniacha mimi. Tusibishane.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wangu Kelly, miaka kumi, ana ugonjwa wa vitabu. Kila Jumamosi anakwenda kwenye duka la vitabu vikuukuu la Gogo Hazel, kule Kensington. Gogo ni bibi, kwa Kizulu. Anachukua kitabu, anasoma kurasa arobaini akiwa amesimama, anakirudisha rafuni. Gogo anajifanya haoni. Ni vitabu vya zamani vya Uingereza, kumi na viwili, vyote habari za ndugu. Watoto wanne wanapelekwa likizo kwa shangazi, wanakuta mlango ambao haukupaswa kuwepo, wanapita. Wiki nzima Kelly ananisimulia tukiosha vyombo. Mimi nasugua, yeye anasimulia. Ndiyo maana sufuria zetu zinang'aa kuliko za mtaa wote.

Sasa balaa. Gogo anafunga duka, anahamia kwa binti yake Cape Town. Jumamosi hii ndiyo siku ya mwisho. Na Kelly yuko ukurasa wa 141 wa kitabu cha mwisho! Barnaby, kitindamimba, amebaki chini ya ardhi kwa Mfalme wa Ndege. Alishikilia mlango ili ndugu zake watoke, nao ukamfungia ndani. Zimebaki kurasa tisini. Kelly hajala vizuri tangu jana. Ameniuliza mara tatu kama mtoto anaweza kukaa chini ya ardhi bila maji.

Lakini Gogo ametangaza mashindano siku hiyohiyo. Timu za ndugu watatu au zaidi. Vidokezo vimefichwa kwenye maduka ya barabara ile. Washindi wanabeba vitabu vyote kumi na viwili, haviuzwi wala havigawanywi.

Nimemwambia Kelly ale, kaka yake ameshalichukua jambo hili mkononi. Amenitazama kama mtu anayetazama teksi iliyojaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Tatizo: ndugu tuko wawili. Dawa nimeipata kabla chai haijapoa.

Nyumba yetu ina familia tatu na jiko moja. Chumba cha pili yupo Gaël, miaka kumi na mitatu, Mkongo wa Bukavu. Anaogopa hata njiwa, ila anakula kama watu wanne, na katika vitabu hivi lazima awepo mmoja wa kula. Wale watoto wa Kiingereza hula kila baada ya kurasa tatu. Wakikutana na jambazi, kwanza mkate na jamu. Chumba cha tatu yupo Mayasa, naye kumi na mitatu, Mrundi mwenzangu, ulimi kama wembe. Sikumtaka. Ila anaijua Kensington yote, kwa kuwa mama yake ni fundi cherehani na yeye ndiye anayepeleka nguo za wateja.

Gaël alikubali kwa nusu mkate. Akaanza kuniita yaya palepale, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Mayasa akauliza kiongozi ni nani. Nikasema mkubwa wa ndugu. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Kisha akauliza kwa nini nisimwombe tu Gogo amwazime Kelly kitabu siku mbili akimalize. Huyu hana damu ya safari. Nikamweleza kwamba shujaa haombi, shujaa anaingia hatarini. Akauliza hatarini mwa nani.

Jumanne, 16 Septemba

Fomu nimeichukua dukani. Kelly alitaka kuisoma, nikamkatalia. Siri za uongozi. Kiingereza changu kinatosha: majina, tarehe za kuzaliwa, sahihi ya mzazi. Juu kulikuwa na mistari midogo midogo. Mistari midogo ni ya watu wenye muda.

Nimeandika sote wanne watoto wa Emérite, yaani Mama. Sahihi ya Mama nimeitia mwenyewe. Imetoka nzuri kuliko yake, nimeiongezea mkia.

Mama hajui. Hapo ndipo vitabu vile vinaponishangaza. Mama wa Kiingereza anawaambia watoto: nendeni kisiwani, laleni huko, mrudi Ijumaa, msilowe miguu. Mama yangu, nikienda spaza, kiduka cha kona, kununua chumvi, anataka kujua nilipita upande gani wa barabara na nani alinisalimia.

Nikairudisha fomu kwa Gogo. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kama kweli Mayasa alizaliwa tarehe tatu Machi na Gaël tarehe ishirini na nne Machi, mwaka uleule, mama yuleyule. Nikamjibu bila kutetereka kwamba mama yetu ni mtu wa haraka.

Gogo akakohoa muda mrefu. Akasema angependa sana kumwona mama huyo Jumamosi.

Eish.

Jumatano, 17 Septemba

Kila kundi la ndugu vitabuni lina mbwa. Sisi hatuna. Lakini Octave, mlinzi wa usiku wa gereji iliyo mbele ya nyumba, ana mbwa anaitwa Bosi, mkubwa kama sofa. Octave hulala mchana, mbwa anakaa bure. Nilikwenda kumwomba. Akakubali jicho moja likiwa limefumba. Akataka kunieleza mbwa alivyofunzwa na neno la kumwachisha kazi. Nikamwambia asijisumbue, mimi na Bosi tunaelewana kwa macho. Akasema sharp, yaani sawa, akageukia ukutani.

Mazoezi yakafanyika uani. Bosi akakaa mlangoni mwa jiko. Mama Gaël akaingia kuangalia maharage, Bosi akatikisa mkia. Mama Gaël akataka kutoka, Bosi akaonyesha meno. Basi mama wa watu akabaki humo saa nzima, mpaka Octave alipoamka. Nimeandika hivi: mbwa ni mkarimu mno, hapendi wageni waondoke.

Akiwa kifungoni Mama Gaël aliuliza kupitia dirishani kuna nini. Gaël akamweleza yote. Sikuwa nimemwambia ni siri, nilidhani mtu anajua mwenyewe.

Alhamisi, 18 Septemba

Adui amejitokeza. Anaitwa Gradi, anakaa Jeppestown, anapiga gitaa kwenye kwaya yetu. Ana wadogo wawili wa tumbo moja, wa kweli kabisa, wanaofanana kama matofali. Nao wamejiandikisha. Wameshona fulana za rangi moja.

Nimekutana nao kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na kanisa, taa nyekundu, pa kukimbilia hakuna. Gradi akaniuliza kwa upole ndugu zangu wawili wapya nimewapata wapi, maana kanisani hutuona wawili tu. Nikasema walikuwa likizo kwa shangazi. Akasema Mungu ni mwema. Wote wakacheka kwa pamoja, sauti tatu, kama wamefanya mazoezi.

Jioni Kelly aliniuliza kama tutashinda kweli. Siku hizi hasimulii. Hakuna cha kusimulia, sote wawili tumekwama ukurasa wa 141. Nikasugua sufuria. Daftari halidanganywi, basi niseme: hata mimi nataka kujua yule mtoto alitoka vipi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimepiga pasi suruali. Mengine yote tayari.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimeona mambo. Niyapange.

Saa tatu asubuhi tulikuwa dukani. Timu tano, wazazi, makelele. Vile vitabu kumi na viwili viko mezani vimepangwa kama keki ya harusi. Gogo akagawa kidokezo cha kwanza. Gradi na wadogo zake walikuwa karibu na mlango, wakachomoka. Mimi nikamweka Bosi mlangoni kwanza, watu wamwone, ndipo tutoke kwa heshima.

Kosa dogo sana.

Wakati huohuo akaingia Mama na kitenge chake cha kanisani. Bosi akatikisa mkia. Akaingia Mama Gaël na chupa ya chai. Mkia. Akaingia Mama Mayasa, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mkia. Kumbe jikoni walishayajua yote tangu Jumatano, ila walisubiri waone ujinga utafika wapi.

Gogo akainua fomu, akauliza mama wa watoto hawa wanne ni nani.

Wote watatu wakanyanyua mkono.

Nikatafuta mlango. Baba mmoja wa timu nyingine alikuwa ameshautafuta kabla yangu na sasa alikuwa juu ya kiti. Bosi amekaa kizingitini, meno nje. Kuingia ruhusa, kutoka hapana! Watu ishirini na mbwa mmoja. Simu ya Octave imezimwa, mtu amelala. Ikabidi apigiwe jirani akamgongee.

Gogo, ambaye hakutishika hata kidogo, akaendelea na swali lake: nani amemzaa nani? Mfasiri wetu siku zote ni Kelly, lakini Kelly haonekani. Nikafasiri mwenyewe.

Bora nisingefasiri. Mama akavuta pumzi, akasema kwao mtoto haulizwi ametoka tumbo gani, tena mbele yake. Ni kumfukuza mezani. Mama Gaël akasema alipolazwa miezi miwili, Gaël alilala kwa nani, alikula kwa nani? Mama Mayasa akasema Valentin alipoanguka kwenye ukuta wa jirani akiiba ndizi, aliyemchapa ni yeye, na Emérite akaja kushukuru. "Kama si mwanangu, ningemchapaje?"

Nikafasiri yote isipokuwa ndizi. Mayasa akaifasiri ndizi.

Ndipo Mama alipoiona sahihi. Akauliza huu mkia ni wa nani. Nikasema hii ni sahihi yake siku akiwa na furaha. Akanishika sikio la kulia. Mama Gaël akashika la kushoto. Mama Mayasa, masikio yameisha, akanishika kola. Gogo akasema sasa hana shaka yoyote, hao ni mama zangu wote watatu.

Kisha akaisoma ile mistari midogo kwa sauti. Shindano ni la watoto waliolelewa nyumba moja, wawe wa tumbo moja au la. Aliandika hivyo makusudi, kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa na binamu sita. Yaani ningeandika ukweli tungepokewa bila swali.

Mayasa akaichukua fomu, akanionyesha ile mistari kwa kidole, mmoja mmoja.

Saa mbili zikapita humo ndani. Chai ikagawanywa, biskuti za Gogo zikaisha, Gaël akawa rafiki wa kila mtu mwenye chakula. Mimi nilipambana na Bosi. Nilimwamuru kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kizulu, na kwa Zaburi ya ishirini na tatu. Gradi na wadogo zake wakarudi na vidokezo vyote, jasho linawatoka. Bosi akawapokea kwa mkia. Wakashinda, na wao wakawa mahabusu.

Mwishowe Octave akafika na kandambili. Akasimama mlangoni, akamwambia mbwa neno moja: asante. Bosi akainuka, akaenda zake. Asante! Kati ya watu ishirini, hakuna aliyekuwa amemshukuru.

Gradi akahesabu vitabu vyake. Kumi na kimoja. Tukatazamana. Ndipo kitambaa cha meza kikainuka na Kelly akatoka chini, miguu imekufa ganzi, macho mekundu, anatabasamu. Ukurasa wa 230. Alisoma zote tisini wakati sisi tunabishana juu ya matumbo. Akakifunga kitabu, akampa Gradi mkononi, akamwambia kwa Kiingereza ni kizuri sana lakini asiruke mbele.

Gradi akamwambia vile kumi na kimoja vingine aje kurudia wakati wowote. Huyo kijana ni hatari. Anashinda na bado ana adabu.

Jumapili, 21 Septemba

Masikio yamepoa. Kichwa kinafanya kazi.

Kanisani wametangaza safari ya basi kwenda baharini Durban. Familia kubwa zinakaa viti vya mbele. Nimechukua fomu. Nimeandika ndugu saba, Gradi na wadogo zake wakiwemo, maana mama yao na Mama huimba sauti moja. Hivyo ukihesabu vizuri hata ushindi wa jana ni wetu, nami nimekwenda kumpongeza Gradi kwa niaba ya ukoo. Nikamwomba vitabu vitatu, fungu la mkubwa. Amesema atasali kwanza. Mayasa ameiona orodha, amesema jina lake nilifute. Nimemshusha namba ya saba.

Jioni nilibaki na Kelly na mlima wa vyombo. Hatimaye akanisimulia. Kaka mkubwa wa Barnaby, huko juu, alipanga mipango kurasa themanini. Alichimba shimo, likajaa maji. Alitengeneza kamba, ikakatika. Aliwagombanisha ndugu zake wote, akamtupia mjomba lawama. Chini huko Barnaby aliongea vizuri na ndege mmoja mzee, akaonyeshwa dirisha, akatoka peke yake, akawakuta wanakunywa chai.

Kelly akaniuliza kama nimeelewa.

Nikamwambia nimeelewa kabisa. Bila yule kaka kuwashughulisha watu wote huko juu, mtoto angepata wapi utulivu wa kutoka? Huyo ndiye shujaa wa kitabu, na wamekosea sana kutokuweka picha yake kwenye jalada.

Akanisukumia sufuria ya maharage, ile iliyoungua.